Uzi Namba Moja wa Zuberi

Simu ya Aika ilinikuta nakata kucha za mkono wa kushoto. Nazikata kila Ijumaa asubuhi tangu ujana, maana mpiga gitaa mwenye kucha ndefu mkono ule kazi yake ni kuwasumbua majirani tu. "Kaka Mudi," akasema, "baba ametutoka. Tumeshamzika Machame, sasa ni wiki ya pili. Nisamehe sikukupigia mapema." Nikasema yale ambayo sote huyasema, pole sana dada yangu, kazi ya Mola haina makosa, mzee alikuwa mtu wa watu, na yote niliyasema harakaharaka ili simu ikatike. Haikukatika. Akaniambia nyumba ya Kariakoo imeuzwa, inavunjwa mwisho wa mwezi wapandishe ghorofa, na yeye yuko pale anasafisha chumba cha baba yake. "Misumari bado ipo yote ukutani," akasema. "Njoo, kuna kitu nataka nikuulize. Katika wateja wa zamani ni wewe tu niliyefanikiwa kuipata namba yake." Nikamwambia nitakuja kesho. Nilipoweka simu chini nikaona nimekata kucha tatu, mbili bado, nikaziacha hivyohivyo.

Wajukuu zangu wanadhani babu yao anaogopa kufa. Thubutu! Kufa sikuogopi, nimeshazika wenzangu wengi mno. Ninachokiogopa ni ile misumari, na nimeiogopa kwa zaidi ya miaka arobaini. Nikiwa na shughuli Kariakoo nazunguka mitaa mitatu mizima nisipite ule mmoja. Nikinunua nyuzi dukani siku hizi, zile pakiti za kung'aa, kijana akiniambia "karibu tena mzee wangu," mwili unanisisimka, na yeye masikini hajui alichosema. Mwaka ninaotaka kuusimulia ni mmoja tu, ule niliotimiza ishirini na tatu, mwaka wa foleni na unga wa njano, mche wa sabuni ukiwa zawadi ya harusi na mtu akashukuru kweli. Nyuzi za gitaa madukani hazikuwapo hata za dawa. Yaliyotangulia hayana maana hapa, na yaliyofuata watu wanayajua kwa sababu yalipigwa redioni.

Dar es Salaam Mchaga yeyote mwenye duka anaitwa Mangi, apende asipende, na wa kwetu alikuwa Mangi Nyuzi. Chumba chake kilikuwa cha mbele kwenye nyumba ya Kiswahili, mtaa ulio nyuma ya ule wa Sikukuu, mlango wa mbao wa mabawa mawili na sakafu ya saruji iliyopasuka katikati. Alikuja mjini kuuza vipuri vya baiskeli na pikipiki, vipuri vikaadimika, akabaki na waya za breki, na mpiga gitaa mmoja akamwomba amfumulie moja ajaribu. Ikaanzia hapo. Nyuzi nyembamba alizitoa ndani ya waya za breki: anaufumua waya, anachukua uzi mmoja mmoja, anaufunga jiwe, anaunyoosha juu ya mkaa, anausugua mpaka unang'aa, kisha anaupaka nta. Nyuzi nene alizisokota, chuma katikati na juu yake shaba nyembamba ya mota zilizoungua, aliyoinunua kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani. Mashine ya kusokotea ilikuwa gurudumu la cherehani. Aliyelizungusha ni binti yake Aika, wa rika langu, na mzee akiiongoza shaba kwa vidole alivyovifunga vipande vya ngozi. Chumba kilinuka shaba ya moto na ndizi, kwa sababu nyuma ya pazia sufuria ya ndizi na maharage haikuwahi kukauka, na mteja aliyefika mchana hakuondoka bila kula. "Uzi haununuliwi na njaa," alisema Mangi. "Utachagua vibaya, halafu utanilaumu mimi."

Na alikuwa na utaratibu wake, ole wako uuvunje. Kwa Mangi hukupata uzi mpya bila kuleta uliokatika. Unaingia, shikamoo Mangi, marahaba, habari za kwenu, wazee hawajambo, halafu anakunyooshea kiganja: "Leta mfu." Anaupeleka kwenye mwanga wa mlangoni, anatazama ulipokatikia, halafu, na hili ndilo lililowavunja mbavu wageni, anautia mdomoni. Anauonja! Alisema kila mpigaji ana chumvi yake, na jasho la mtu linamwambia nta aongeze au apunguze. Akishaonja anauning'iniza kwenye msumari wako. Misumari ilijaa ukuta mzima, kila mmoja na jina la mteja kwa chaki, na ukitaka kujua mtu anavyopiga ulitazama tu wafu wake wamekatikia wapi. Mteja akilalamika, Mangi hakubishana naye hata siku moja. "Kosa ni langu. Pole kwa usumbufu. Karibu tena." Aliyasema hata kwa mlevi mmoja aliyekalia gitaa lake mwenyewe. Tulimwigiza sana, mtu akikukanyaga jukwaani unamwambia, kosa ni langu, karibu tena. Jumapili akitoka kanisani alikuja kwenye ukumbi wa bendi yetu na suti yake ya kahawia, anaagiza soda moja, anakaa nyuma kabisa, hachezi, anasikiliza nyuzi zake. Jumatatu unamkuta mlangoni anakungoja. "Mudi, uzi wako wa nne umechoka. Njoo nikubadilishie kabla haujakuaibisha."

Mimi nilipiga ridhimu, gitaa la kushikilia mdundo. Solo alipiga Zuberi, ndugu yangu wa hiari, tumelelewa mtaa mmoja, tumekula sinia moja. Alikuwa mwembamba mpaka vidole, mcheshi, na mchana alibeba mizigo bandarini kwa sababu dansi lilikuwa halilishi mtu. Nilimpenda Zuberi, na nilimwonea wivu mpaka usingizi ukanipungukia. Siku moja nikamwambia Mangi anifanyie seti ya nyuzi nyembamba, na mimi nataka kujaribu solo. Akasema, "Nionyeshe vidole." Akavishika kimoja kimoja, akavibonyeza nchani. "Mkono wako mzito, Mudi. Wewe ni mtu wa nyuzi nene. Ridhimu yako ndiyo inayomfanya Zuberi aonekane anajua." Leo nikiyakumbuka maneno yale naona alinipa sifa ambayo sijapewa tena na mtu yeyote. Siku ile nilisikia tusi. Zuberi alikuwa pale na bakuli la ndizi mkononi, akapaliwa kwa kicheko: "Baba wa nyuzi nene!" Aika naye akacheka, akiwa amelishika gurudumu. Nikacheka na mimi, tena kwa sauti kubwa kuliko wote.

Katikati ya mwaka zikaja habari kwamba shirika moja la serikali linaanzisha bendi yake: mshahara wa mwezi, chumba cha kukaa, vyombo vipya kutoka nje. Walikuwa wanatafuta mpiga solo mmoja. Mkubwa wao angekuja Jumapili mchana kwenye dansi letu kumsikiliza Zuberi, na mimi nikambembeleza kiongozi wetu mpaka akakubali nami nipige solo nyimbo mbili mwishoni. Zuberi hakununa. "Mwacheni ajaribu," alisema, "ni ndugu yangu." Basi Alhamisi ile uzi namba moja wa Zuberi, ule mwembamba kabisa ambao solo yote inautegemea, ukakatika mazoezini. Ijumaa alikuwa zamu bandarini, hawezi kutoka. Akanipa uzi mfu ndani ya kiberiti kitupu. "Nipitie kwa Mangi, Mudi. Mwambie ni wa Jumapili."

Nilimkuta Mangi ameshika kipande cha waya kisichozidi urefu wa gitaa. Waya za pikipiki zilikuwa zimekwisha mji mzima, na kipande kile kilikuwa na uzi mmoja tu mzima ndani yake. Akaupokea mfu wa Zuberi, akauonja, akautundika. Akaninyooshea bakuli la ndizi nile wakati anafanya kazi. Nyuma ya pazia nikawasikia wanasemezana Kichaga, halafu Aika akasema kwa Kiswahili, nadhani nisikie, "Na Mudi naye anapiga solo Jumapili. Yeye atapiga na nini?" Mzee akajibu bila ukali wowote, "Zuberi ndiye aliyeleta mfu." Akaja mbele, akaukunja uzi ule kwenye karatasi ya kaki, akaandika jina la Zuberi kwa kalamu ya risasi, akanipa kwa mikono miwili. "Huu ndio wa mwisho mpaka meli ije. Mwambie asiukaze kwa pupa. Pole kwa usumbufu. Karibu tena."

Nyumbani hapakuwa na mtu, mama alikuwa foleni ya sukari. Wapigaji maskini tulikuwa na ujanja wetu wakati ule: uzi uliochakaa unauchemsha na magadi, uchafu unatoka, unang'aa, na sauti inarudi kwa siku moja au mbili. Lakini uzi wenyewe umeshachoka, ukiuvuta kwa nguvu unakuacha. Niliufungua uzi wangu namba moja, nao ulikuwa kazi ya Mangi, una kipete chake kilekile cha shaba mwishoni, nikauchemsha kwenye sufuria ya mama ya maharage. Nikausugua kwa majivu. Nikaukunja kwenye ile karatasi ya kaki yenye jina la Zuberi. Ule mpya nikaufunga kwenye gitaa langu. Nilikuwa najiambia labda hautakatika. Mtu akitaka kufanya ubaya hakosi labda. Jumamosi nilipompa Zuberi karatasi aliibusu. "Mangi hana mpinzani mji huu," alisema. Mchana ule mama alionja maharage akakunja uso. "Haya mbona yana ladha ya chuma?" Nikamwambia labda magadi ni mabovu, akaniamini, akamhama muuza magadi aliyekuwa rafiki yake wa miaka.

Jumapili ukumbi ulijaa. Mkubwa wa shirika alikaa mbele na kijidaftari, Mangi nyuma na soda yake. Wimbo wa tatu Zuberi akaingia kwenye solo, macho amefumba, kinywa wazi kidogo kama kawaida yake. Alipouvuta uzi namba moja juu kabisa ukakatika. Ulilia pa! ukamchapa shavuni, damu ikamtoka. Uzi wa akiba haukuwapo ukumbini wala mjini. Akaendelea na nyuzi tano, anatafuta noti kule zisikokuwapo, anapotea, anarudi, na mimi nampigia ridhimu, naona waliokuwa wanacheza wanarudi kwenye viti vyao. Sikusimama. Nilikuwa na uwezo wa kusimama, nikamvulia gitaa langu nikampa, ingekuwa dakika moja. Zamu yangu ilipofika nikapiga. Sijawahi kupiga vile, si kabla wala baadaye. Mkubwa wa shirika alifunga kijidaftari chake akawa anatabasamu. Kule nyuma Mangi alikuwa ameweka soda chini, ameinamisha kichwa upande mmoja, haangalii uso wangu, anaangalia gitaa langu.

Asubuhi yake Zuberi akanishika mkono. "Twende, ukawe shahidi yangu." Kwa Mangi kulikuwa na wateja wanne watano, na muuza kahawa mlangoni. Zuberi alikuwa na plasta shavuni na macho mekundu. Akautupa uzi juu ya meza. "Umenimaliza, Mangi! Umenimaliza! Uzi gani huu, uzi wa kumpa mtu siku ya riziki yake?" Mangi aliuchukua, akaenda nao mlangoni, akautazama, akautia mdomoni. Nikayaona mashavu yake yanasimama. Magadi hayajifichi kwenye ulimi. Akauonja tena, taratibu, na chini ya magadi nadhani alikuta chumvi yangu. Kisha akageuka akanitazama, bila hasira, kama anavyotazama mahali uzi ulipokatikia. Neno lake moja tu lingetosha. Ninakiri, nilikuwa naomba dua.

"Kosa ni langu, Zuberi," akasema. "Pole kwa usumbufu."

"Pole itanipa kazi?" Zuberi akatema mate sakafuni, ndani ya duka la mtu. Gurudumu la Aika likasimama. "Baba!" akasema, na mzee akainua mkono kumnyamazisha. Akauning'iniza uzi ule, lakini si kwenye msumari wa Zuberi, wala wangu. Aliutundika kwenye msumari mmoja karibu na mlango, usio na jina. Watu walipoanza kutoka akaniambia, kwa sauti ileile ya kuuliza hali ya nyumbani, "Na wewe Mudi, una uzi wa kunirudishia?"

"Sina, Mangi."

"Haya. Ukipatikana, msumari upo."

Zuberi alizunguka Kariakoo nzima na lile shavu lake. Kila baraza, kila meza ya kahawa, nyuzi za Mangi zinakatika ovyo, Mchaga hajui kazi, kaungaunga tu. Watu walimwamini, nani asingemwamini, fundi mwenyewe si amekiri mbele ya watu? Bendi mbili kubwa zikaacha kwenda kwake. Na mimi, nilipoulizwa, nilisema, "Mi nilikuwepo, nilishuhudia." Kazi nikaipata. Kila mwezi nilikwenda kwa Mangi kwa nyuzi zangu, maana wa kushindana naye hakuwapo, na kila mwezi alinikaribisha ndizi, akapokea mfu wangu, akaonja, akatundika, akaniuliza, "Una uzi wa kunirudishia?" Nikajibu sina. Sina, sina, mwaka mzima. Misumari mingine ikaanza kuota vumbi. Safari ya kumi na mbili nilimkuta amelirudisha gurudumu kwenye cherehani yake, ameandika mlangoni kwamba anatengeneza vyerehani. Alinipokea kwa adabu zote, akanisindikiza mpaka nje, na siku hiyo hakuniuliza. Sikurudi tena pale.

Zuberi aliuza gitaa, akabaki bandarini mpaka mgongo ukakataa. Kovu la shavuni alikuwa analiita alama ya Mangi, akiwaonyesha watoto. Nilimpelekea futari, nilimlipia hospitali, nilimpa kila kitu isipokuwa kile kimoja. Tulipomzika, jamaa matangani wakakisimulia tena kile kisa cha uzi, wakacheka kwa huzuni, na mimi nikachangia kicheko. Mungu anisamehe. Uzi wenyewe, ule mpya niliomwibia, nilikuwa nimeshaufungua siku ileile ya Jumatatu tuliyotoka kwa Mangi, nikautia kwenye kibati cha mafuta ya nywele, na kibati kimehama nami nyumba tano. Nta ya Mangi haikuruhusu kutu hata kidogo. Kuna mchana mwingine nimekaa peke yangu, nyumba kimya, nasikia pa! na naangalia gitaa ukutani, nyuzi zote sita zipo.

Jumamosi nikaenda, kibati mfukoni. Mtaa sikuutambua, ghorofa kila upande, makava ya simu yamening'inizwa mpaka juu ya vichwa, vijana wa mikokoteni wanapiga kelele pisha pisha mzee. Ile nyumba tu ndiyo iliyobaki chini, imebanwa katikati. Aika alikuwa ndani, mvi kichwa kizima, miwani, fulana yenye picha ya baba yake. Akanikumbatia, akaniketisha, akaniletea ndizi kwenye bakuli, na nikala kwa sababu sikuthubutu kukataa. Ukuta ulikuwa vilevile. Chaki imefifia lakini majina yanasomeka: la Zuberi lilikuwa kwenye usawa wa macho yangu, na fungu lake la wafu.

"Tazama hapa," akasema Aika. Kwenye msumari usio na jina ulikuwepo uzi mmoja, na chini yake pakiti ya karatasi ya kaki imefungwa kwa kamba. Mwandiko wa Mangi: Kwa mteja atakayerudisha. "Hizi ndizo za mwisho kusokotwa humu ndani. Mimi mwenyewe nilizungusha gurudumu, baba akasokota, siku moja kabla hajalirudisha kwenye cherehani. Nikamuuliza za nani, akasema mwenyewe atakuja. Mpaka anakata roho hakumtaja. Nikimwuliza ananiambia mteja haaibishwi, Aika. Sasa wewe uliwajua wote. Unamjua huyu mtu ni nani?"

Nitasema ukweli, maana nimeshachelewa sana kuusema. Jina la Zuberi lilinijia mdomoni. Lilikuwa pale ukutani, mwenyewe marehemu, asingebisha, na Aika angelipokea na mambo yangeishia hapo, nyumba ivunjwe, nirudi kwangu. Nilifungua kinywa kulitaja. Nikauona uzi ule uliochemka, umekuwa mweusi, na ladha ya maharage ya mama ikanijaa mdomoni juu ya zile ndizi.

"Ni mimi," nikasema.

Nikamweleza yote, kiberiti, sufuria, magadi, karatasi ya kaki. Nililia, mzee mzima, kamasi zikanitoka. Mpaka leo sijui kama Aika alikuwa anajua tangu mwanzo. Hakushangaa, lakini hakunionea huruma pia. "Kaka Mudi," akasema, "baba aliitwa tapeli mtaa mzima. Na mimi je? Nilikuwa najua kusokota uzi kuliko kitu chochote duniani. Nimeuza mitumba Mchikichini miaka thelathini na mikono hii." Akaitazama mikono yake. "Maneno yale mliyasema mtaani. Uyarudishe mtaani." Nikamwahidi. Ndiyo maana nimeandika, na nimeandika kwa lugha ya mtaani ili wa barazani wasome: uzi uliokatika siku ile haukuwa kazi mbovu ya Mangi Nyuzi. Niliuchemsha mimi.

Aika akafuta mikono kwenye kanga. Akanyoosha kiganja mbele yangu, kilekile cha baba yake. "Leta mfu."

Nikatoa kibati. Akauchukua uzi akaupeleka mlangoni, akautazama kwenye mwanga mdogo uliopenya kati ya maghorofa, akautia mdomoni. Kisha akautundika kwenye msumari usio na jina, juu ya ule mwingine, akaokota kipande cha chaki dirishani, akaandika: Mudi. Akanipa pakiti kwa mikono miwili. "Pole kwa usumbufu," akasema. Nikangoja aseme karibu tena. Hakusema.

Pakiti niliifungua nyumbani. Zilikuwa nyuzi sita nene, nene kuliko zozote nilizowahi kuzifunga, shaba imelala safi bila pengo hata moja, kazi ya mtu asiye na haraka. Nyuzi za mkono wangu. Miaka yote ile nimeishi mjini kwa jina la mpiga solo, nikipiga nyuzi ambazo mkono wangu haukuzizoea, na seti yangu ilikuwa Kariakoo inaningoja. Nikazifunga moja moja. Nikakaa kwenye kiti cha barazani, mchana kweupe, nikapiga ridhimu ya ule wimbo wa tatu, polepole, vidole vinauma. Nilipofika pale Zuberi anapoingia sikupiga kitu kingine juu yake. Nilimwachia nafasi yake yote, mizunguko minane, nikaendelea na ridhimu, nikimngoja.